Pumzi Ihesabiwe: Uuguzi wa Mgonjwa Aliyebanwa Kifua

Nimeombwa nizungumzie uuguzi wa wagonjwa wenye maradhi ya upumuaji. Humo mna pumu, mna nimonia, mna kifua kikuu, yumo mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa, na yumo bibi ambaye kifua chake kimeharibiwa na miaka mingi ya moshi wa kuni. Siwezi kuyamaliza yote. Nimekuja na hoja moja, nami nitaishikilia hadi mwisho: mgonjwa aliyekosa pumzi huokolewa kwanza na mtu anayemtazama. Mashine hufuata. Tukinunua mashine tusiweke mtu wa kumtazama mgonjwa, tutakuwa tumetumia fedha, na wagonjwa wataendelea kufa.

Tuanze na chati. Mwanafunzi akipita wodini asubuhi na kusoma chati kitanda kwa kitanda, ataona joto 37.8, mapigo ya moyo 104, shinikizo la damu 130 kwa 80, na kwenye safu ya pumzi ataona 20. Kitanda cha pili, 20. Cha tatu, 18. Cha nne, 20 tena. Joto na mapigo yanatofautiana kwa kila mtu, lakini wodi nzima inapumua sawasawa. Jambo hilo haliwezekani. Namba hizo hazikuhesabiwa, zimekisiwa. Wala si tatizo letu peke yetu, kwani watafiti wameliona hata katika nchi tajiri.

Sababu naielewa. Kipimajoto hutoa namba chenyewe, na mashine ya shinikizo la damu vivyo hivyo. Pumzi inataka macho, saa yenye mshale wa sekunde, na dakika nzima ya muuguzi ambaye wagonjwa wengine chungu nzima wanamwita. Hapo ndipo mtu anapohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, au haangalii kabisa. Hata hivyo, katika dalili zote tunazopima, hii ndiyo inayowahi kubadilika. Mwili ukikosa oksijeni, au damu ikizidiwa na asidi, jambo la kwanza ambalo ubongo hufanya ni kuamuru kifua kipumue kwa kasi zaidi. Shinikizo la damu hushuka baadaye sana, mara nyingi wakati tumeshachelewa. Mwaka 1993 John Fieselmann na wenzake huko Marekani walichunguza wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama wakiwa wamelazwa wodini. Dalili iliyotabiri hatari vizuri zaidi ilikuwa pumzi zaidi ya 27 kwa dakika. Ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuishtukia.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukimwambia unamhesabia pumzi, atabadilisha mwendo bila kujijua; kwa hiyo mshike kiganja kama unayepima mapigo, kisha macho yako yawe kifuani. Na msidhani pumzi za haraka ni za mapafu tu. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda na damu imejaa asidi atahema sana hali mapafu yake ni mazima. Mtoto mwenye malaria kali naye ni hivyo hivyo. Pumzi ikipanda, sababu itafutwe popote ilipo.

Kwa watoto wadogo dakika nzima ni lazima, maana kichanga hupumua kwa vipindi: mara haraka, mara polepole, mara anasita kidogo. Mtoto awe mapajani kwa mama, asiwe analia wala kunyonya, shati lake lipandishwe hadi kifua na tumbo vionekane. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni hii: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, 40 au zaidi. Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua. Mtoto mzima anapovuta pumzi kifua hutoka nje. Mwenye nimonia kali kifua kinabonyea ndani, mbavu zinachoreka. Pua zikipanuka, kichwa kikinesa kwa kila pumzi, au akiguna kila anapotoa hewa, huyo si wa kusubiri foleni. Nawaambia haya na nyinyi akina mama, kwa sababu ndani ya nyumba usiku wa manane hakuna muuguzi, lakini mama yupo, na kifua cha mwanawe anakijua kuliko mtu yeyote.

Sasa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, oksimita. Kanuni yake aliigundua mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970: taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya miale isiyoonekana kwa macho, hupenya kidole, na kifaa hutambua damu iliyobeba oksijeni na isiyobeba kwa jinsi zinavyomeza mwanga. Nakipenda kifaa hiki, na ningetaka kiwe katika kila zahanati. Lakini kina mipaka ambayo anayekitumia sharti aijue. Rangi ya kucha na piko huweza kuzuia mwanga. Wauguzi wa pwani mnalijua hilo siku za harusi. Kidole cha baridi hakisomeki vizuri. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jambo linalotuhusu sisi hasa: kwa wagonjwa weusi, oksimita ilisema hali ni nzuri wakati damu imepungukiwa na oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo mbele yako akiwapo mtu mweusi anayehema pumzi 34 kwa dakika na kifaa kinasema 94, mwamini mgonjwa.

Hatari kubwa zaidi ni mkaa. Familia imelala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, asubuhi wanaletwa wamelegea, vichwa vinawauma, mmoja hana fahamu. Oksimita itaandika 98. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa imeshika damu mahali pa oksijeni, na kifaa hakijui kutofautisha. Muuguzi asiyeuliza walilala wapi na moto gani atawarudisha nyumbani. Anayeuliza atawawekea oksijeni nyingi papo hapo, maana hiyo ndiyo inayoifukuza sumu ile.

Hapo nimefika kwenye oksijeni, na kwenye hofu ninayoisikia katika kila wodi. "Wakishamwekea gesi, ndiyo basi." Ndugu wanakataa mrija usiwekwe, au wanauchomoa muuguzi akigeuka. Tusiwadharau. Wameona kwa macho yao: jirani aliwekewa oksijeni, akafa. Kilichojificha ni kwamba alicheleweshewa, akawekewa wakati mwili umeshachoka. Tukiitoa dakika za mwisho tu, sisi wenyewe ndio tunaowafundisha watu kuwa gesi ni dalili ya kifo. Dawa ya hofu hiyo ni maneno machache kabla ya kufungua mtungi: "Shikamoo bibi. Mapafu ya mjukuu wako yamejaa, hewa hii ya kawaida haimtoshi. Ninayompa ni ileile tunayovuta mimi na wewe, nimemwongezea tu. Akipata nafuu nitaipunguza, kisha nitaitoa." Na ni kweli tupu: oksijeni ni asilimia 21 ya hewa ya chumba chochote. Muuguzi anayeona haya ni kupoteza muda atatumia muda mrefu zaidi kurudishia mrija uliochomolewa.

Oksijeni ni dawa, na ina dozi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa waliopungukiwa na oksijeni mwaka 2017. Kabla ya hapo ilitajwa kwa ajili ya nusukaputi tu. Kama dawa nyingine, ikizidi hudhuru. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto njiti wengi wa nchi tajiri walipofuka, hadi ilipobainika kuwa oksijeni nyingi waliyopewa bila kipimo ndiyo iliyoharibu mishipa ya damu machoni mwao. Kwa watu wazima wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, utafiti uliofanywa Tasmania na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliopewa oksijeni kwa kupimiwa, wakilenga kiwango cha asilimia 88 hadi 92, walikufa wachache mno kuliko waliofunguliwa gesi nyingi tangu ndani ya gari la wagonjwa. Bibi wa moshi wa kuni niliyemtaja mwanzo yumo katika kundi hili. Akifika amebanwa, apewe. Asifunguliwe mpaka mwisho na kuachwa.

Nani ataipima dozi hiyo saa nane usiku? Daktari ameandika asubuhi na kuondoka. Mrija wa puani huziba kwa kamasi. Mtoto akijigeuza hutoka puani na kubaki shavuni, gesi inatoka, namba kwenye mashine ni ileile, ila mtoto hapati kitu. Ile chupa ya maji inayopitisha gesi, katika wodi nyingi hujazwa maji ya bomba na kukaa siku nyingi bila kubadilishwa, na bakteria huzaliana humo kisha kupulizwa moja kwa moja kwenye mapafu mabovu. Kwa kiwango kidogo cha gesi kupitia mrija wa puani, chupa hiyo haihitajiki kabisa. Ikitumika, yawe maji safi yaliyochemshwa au kutakaswa, na yabadilishwe kila siku. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani nayo ina kichujio cha vumbi ambacho sharti kioshwe kila wiki, na katika miji yetu yenye vumbi hata kabla ya hapo. Kazi hizi hazina sifa, na hakuna anayezipigia picha, lakini zikikosekana mashine ya mamilioni inapuliza hewa tupu.

Nitoe hesabu moja, wanafunzi muiandike. Mtungi mkubwa uliojaa una lita 6,800 za oksijeni. Mgonjwa mmoja anayetumia lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 1,360, yaani saa 22 na dakika 40. Wakiwa wawili, ni saa 11 na dakika 20. Ukifunguliwa saa mbili kamili asubuhi kwa wagonjwa wawili, utaisha saa moja na dakika ishirini jioni, wakati zamu ya mchana inakabidhi na ya usiku ndiyo kwanza inaingia, kila mtu yuko mezani na daftari. Mgonjwa hufa hapo, katikati ya makabidhiano, na katika taarifa huandikwa kuwa hali ilibadilika ghafla. Muuguzi anayeandika ukutani saa ambayo mtungi utaisha amefanya uuguzi mkubwa kuliko mtu anavyodhani.

Ushahidi kwamba utazamaji ndio mzizi wa jambo hili tunao. Nchini Papua New Guinea, Trevor Duke na wenzake waliweka mashine za oksijeni, oksimita na mafunzo ya wauguzi katika hospitali tano. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008, yaliyohusu zaidi ya watoto 11,000, vifo miongoni mwa watoto wenye nimonia vilishuka kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22. Nigeria ikatufundisha zaidi. Katika hospitali 12 za kusini magharibi, Hamish Graham, Adegoke Falade na wenzao walianza kwa kuwafundisha wauguzi kumpima kila mtoto kwa oksimita anapolazwa, kabla ya mfumo kamili wa oksijeni kufika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Vifo vya nimonia vilipungua pale upimaji ulipokuwa desturi, na mfumo kamili ulipokuja baadaye haukuonyesha faida kubwa ya ziada. Oksijeni kidogo iliyokuwepo ilianza kumfikia mtoto aliyeihitaji, kwa sababu sasa kuna mtu anayemjua ni yupi.

Na historia yenyewe ya vyumba vya wagonjwa mahututi inasema hivyohivyo. Mwaka 1952 polio iliushambulia mji wa Copenhagen, Denmark. Katika Hospitali ya Blegdam wagonjwa walikuja na misuli ya kupumua imepooza, na hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu na mashine nyingine sita ndogo. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliopooza misuli ya kupumua, 27 walikufa. Tarehe 27 Agosti daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alijaribu jambo jipya kwa msichana wa miaka 12: koo lilitobolewa, mpira ukaingizwa, na hewa ikasukumwa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Msichana akanusurika. Lakini mfuko haujiminyi wenyewe. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari na wa meno, jumla yao kama 1,500, wakapokezana zamu mchana na usiku, kila kitanda mtu wake, huku wauguzi wakifyonza makohozi, wakiwageuza wagonjwa na kuwalisha. Kuna nyakati ambapo wagonjwa 70 walipumuliwa kwa mikono kwa wakati mmoja. Sehemu ya waliokufa ilishuka kutoka karibu asilimia 90 hadi robo hivi. Hakukuwa na mashine mpya hata moja. Kilichokuwepo ni mikono, na mtu mmoja kwa kila mgonjwa, asiyeondoka.

Sisemi tuache mashine. Nasema mtu anayekaa kando ya kitanda ana mengi ya kufanya kabla ya mashine na baada yake. La kwanza ni mkao. Mgonjwa aliyebanwa usimlaze chali ili kitanda kionekane nadhifu wakati wa raundi ya daktari. Mwinue akae, au aegemee mbele juu ya mto uliowekwa mezani. Tumbo linashuka, kiwambo cha chini ya mapafu kinapata nafasi, na misuli ya mabega inasaidia. Hili halina gharama, na nafuu yake huonekana ndani ya dakika chache. Kichanga apakatwe na mama yake, shingo isikunjwe. Mtoto anayehema sana asilazimishwe uji, kwa maana utaingia mapafuni. Alishwe kwa mrija wa tumboni hadi pumzi zitulie. La pili ni upepo. Tafiti za tiba shufaa zimeonyesha kuwa upepo mwepesi unaopita usoni, hasa kwenye mashavu na pua, hupunguza hisia ya kukosa hewa. Basi upepeo wa ukindu alioshika shangazi kando ya kitanda ni sehemu ya matibabu, na muuguzi amwonyeshe namna ya kuutumia badala ya kumfukuza.

Wagonjwa wa pumu nina neno lao. Wengi wanaogopa dawa ya kuvuta, wanaambiwa wataizoea na haitaachika. Wanapendelea vidonge au sindano. Hofu hiyo si ya kweli: dawa ya kuvuta inakwenda kwenye njia za hewa kwa kiasi kidogo, na mwili wote unabaki salama zaidi. Kosa halisi ni kutumia ile ya kutuliza peke yake, kila siku, bila dawa ya kuzuia uvimbe. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauikubali tena njia hiyo. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta sawasawa, Heather Zar na wenzake wa Afrika Kusini walithibitisha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako ili pampu iingie barabara bila kuvuja, inafanya kazi sawa na chemba ya dukani. Muuguzi aijue kazi hiyo kwa mikono yake, na amfundishe mama kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Na msidanganywe na ukimya. Mgonjwa wa pumu anayeweza kusema sentensi nzima ana nafasi. Anayekata maneno mawili mawili yuko hatarini. Aliyekuwa anakorota kifuani, kisha sauti ikapotea huku amelegea na macho yake ni mazito, hajapona: hewa haipiti kabisa. Muuguzi mgeni wodini hufurahi kuwa ametulia. Aliyefundishwa hupiga kelele ya kuita msaada.

Mwisho, madirisha. Tumelelewa tukiambiwa baridi ndiyo inayoleta kichomi, basi tunafunga, tunamfunika mtoto mablanketi hadi kifua hakionekani. Katika wodi yenye wagonjwa wa kifua kikuu kufunga dirisha ni hatari kwa kila aliyemo, muuguzi akiwa wa kwanza. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta kuwa vyumba vilivyofunguliwa milango na madirisha vilibadilisha hewa yote mara 28 kwa saa, wakati vyenye mitambo ya hewa vilipata 12, na majengo ya zamani yenye dari ndefu ndiyo yaliyofanya vizuri zaidi. Majengo ya namna hiyo tunayo. Tusiyazibe kwa mbao na vioo visivyofunguka kwa jina la ukarabati.

Kwa wakuu wa hospitali ombi langu ni moja: mnapoandika barua ya kuomba mashine ya oksijeni, andikeni katika barua hiyohiyo idadi ya wauguzi watakaoisimamia usiku, na msiipokee mashine bila watu hao. Kwa wauguzi na wanafunzi: kuanzia zamu ya leo, pumzi ya kila mgonjwa ihesabiwe dakika nzima, na kama hukuhesabu, acha nafasi wazi, nafasi tupu inamwambia anayekuja baada yako ukweli, 20 ya kukisia inamdanganya. Na nyinyi ndugu mnaouguza, mkimleta mtu wenu amebanwa kifua, muulizeni muuguzi kwa adabu: "Sista, pumzi zake ni ngapi kwa dakika?" Mna haki ya kujibiwa.